Chokoleti ya kumimina niliyoahidi watoto wa komunyo

Wakuu, kuna kipindi cha maisha yangu niliamini kwa moyo wote kwamba chokoleti imo ndani ya tunda la kakao, tayari kabisa, laini, ya vuguvugu, na ukilipasua inamiminika kama maziwa.

Msicheke kwanza. Nilikuwa mtu mzima. Nina ndevu. Nina diploma.

Salamu kwenu nyote, mlioshiba na mnaosubiri sombe, majani yetu ya muhogo, iive. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Butembo, upande wa Bulengera, na mashahidi ni avenue nzima. Mimi kuongeza chumvi ni kawaida yangu, anayenijua anajua. Lakini kwa hili sikuhitaji hata punje moja.

Diploma niliipata kwa cours du soir, masomo ya jioni. Mchana nauza pullover za mtumba, jioni nakaa kwenye benchi na watu wenye wajukuu. Taa ilikuwa moja, na nondo waliokuwa wakiizunguka nadhani walinipita kwa hesabu.

Jirani yangu wa benchi aliitwa Mbusa. Mbusa alikuwa na jibu la kila kitu isipokuwa maswali ya mtihani.

Siku moja tulipita mbele ya depo ya kakao. Nikaokota mbegu moja kavu, nikaitafuna. Chungu kama dawa ya minyoo! Lakini harufu yake ilikuwa ya chokoleti kabisa.

— Unaona? Mbusa akasema. Ile iko chokoleti yenye ilishakauka. Balichelewa kuikunywa. Yenye iko mbichi unapasua tu, unamimina mu kikombe. Ku Mangina, kule inaota, banakunywa vile kila asubuyi na mukate. Sukari habaijue.

— Na bazungu?

— Bazungu banapelekewa kavu, banaongeza maji. Njo maana yao iko bei.

Halafu akaweka sharti: tunda lisitikiswe njiani, likitikiswa chokoleti inageuka siagi. Hapo ndipo aliponimaliza. Uongo wenye masharti unafanana sana na sayansi.

Mnielewe jamani. Sisi wa Butembo tuko juu, kwenye baridi. Kwetu ni viazi, maharagwe na maracuja, yale matunda ya pasheni. Kakao ni ya chini, Beni, kwenye joto. Mti wenyewe sikuwahi kuuona kwa macho.

Basi nikakaa na elimu hiyo miaka miwili bila kumdhuru mtu.

Sasa, kwenye avenue yetu tuna desturi nzuri. Watoto wakipata komunyo ya kwanza, hatufanyi fête, yaani sherehe, kila mtu kwake. Tunaunganisha masufuria katika kiwanja kimoja. Huyu analeta mchele, yule mbuzi, mwingine sombe, wazee wanajiletea kasiksi yao, ile pombe ya ndizi. Mkubwa wa masufuria ni Mama Kavira, jirani yangu, mama mwenye sauti ya kengele ya parokia. Mwaka ule watoto walikuwa tisa, na kati yao alikuwemo Kahindo, binti wa dada yangu.

Katika kikao cha kugawa kazi, ilipofika zamu ya vinywaji vya watoto, mtu akasema tununue sucré, soda za kawaida kama kila mwaka. Mimi nikasimama. Hakuna aliyenilazimisha kusimama, wakuu.

— Acheni sucré, nikasema. Mwaka huu watoto watakunywa chokoleti. Ya asili. Ya kumimina.

Mama Kavira akaniangalia kama mtu anayepima nyama.

— Diplômé, tukiacha sucré na weye hauleti, batoto batakunywa nini? Machozi?

— Mama, nina diploma.

Ndiyo, nilijibu hivyo. Hata leo nikikumbuka, masikio yanapata moto.

Kahindo alikuwa amesikia. Kesho yake akaenda kutangaza katekisimu nzima: fête yao itakuwa na chokoleti inayotoka kwenye tunda. Watoto wa avenue ya pili wakamwita muongo. Akarudi nyumbani na mdomo umevimba kwa hasira.

— Mujomba, njo kweli?

— Njo kweli.

— Basi nimebaambia bakuje baone.

Donc sasa haikuwa tena mambo ya kinywaji. Jina la mtoto lilikuwa mikononi mwangu.

Ijumaa nikashuka Beni na Saidi, rafiki yangu mwenye camionnette, anayepandisha ndizi makemba na mafuta ya mawese. Saidi ni Muislamu wa Beni, mtu mtaratibu, anaongea kama anayelipia kila neno. Sikumweleza mengi. Nilimwambia tu nataka kakao mbichi kwa ajili ya watoto. Akasema sawa, akanipeleka kwa mama mmoja mwenye shamba pembeni tu ya mji. Mbali zaidi hatukuenda, mambo ya usalama mnayajua.

Wakuu, mti wa kakao ni mti wa ajabu. Matunda yanaota kwenye shina, yamebandikwa kama vifungo vya koti! Manjano, mazito, yamejaa. Nikalishika moja, nikasikia kabisa chokoleti inacheza ndani. Nawaapia niliisikia.

— Unataka ya kula? yule mama akauliza.

— Ya kunywa, mama.

— Aah, utamu yake! Batoto batafurahi. Mais ukipasua, ikunywe mbio. Ikikaa inachacha.

Mnaona? Hata mwenye shamba amethibitisha! Akachukua panga, akasema ngoja nikupasulie moja uonje.

Nikakataa.

Nilikataa kwa mkono, kifua mbele, kama waziri anayekataa chai. Nikamwambia, mama, usiharibu, kila tunda lina watoto wanaolingoja kule juu. Ukweli ni kwamba sikutaka ajue ni mara yangu ya kwanza. Angelipasua lile moja tu, uzi huu usingekuwepo.

Nikabeba kumi na saba. Nikayafunga kwa pullover nilizokuja nazo, kila moja na nguo yake, manane nikayaweka mapajani, mengine katikati ya miguu. Mnaijua barabara ya Beni–Butembo. Mashimo yale mengine ukiingia unasalimia watu wa ndani.

— Saidi, polepole, tafadhali.

— Iko nini?

— Itageuka siagi.

Saidi alinitazama, akatazama barabara, akacheka kidogo. Alidhani ni utani wangu wa kawaida. Na mimi nilidhani anacheka kwa kukubali. Tulitumia muda ambao chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyobeba mkaa ingetupita mara mbili.

Kwenye kizuizi cha askari tukashuka kutembea kwa miguu, kama kawaida. Nikavuka na tunda moja kubwa kifuani, limefungwa pullover ya pinki. Askari mmoja akanisogelea, akapunguza sauti.

— Papa, mutoto analala?

— Hapana chef, iko chokoleti.

Akafunua pullover, akaangalia, akafunika tena vizuri.

— Mama yake iko wapi?

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Saidi naye. Mimi nikapita na heshima yangu, nikijua Jumapili itasema.

Jumapili ikasema.

Watoto wametoka misa, nguo nyeupe, baridi ya Butembo inawatetemesha. Mezani mikate imekatwa. Vikombe tisa vimepangwa, na sufuria kubwa tupu katikati, inasubiri. Kwenye uzio wamesimama watoto wa avenue ya pili, kama mahakama.

Nikatoa hotuba. "Chers parents, chers communiants." Nikaeleza historia ya kakao, ambayo niliitunga palepale. Nikaeleza vitamini. Nikaita Kahindo asimame karibu na kikombe chake, awe wa kwanza.

Nikainua tunda juu ya sufuria. Nikapiga panga. Tunda likafunguka vipande viwili.

Hakuna kilichomiminika.

Ndani mlikuwa na vitu vyeupe vyenye utelezi, vimepangwa kama meno ya ng'ombe.

— Hii bado changa, nikasema.

Nikapasua la pili. Meno. La tatu. Meno.

— Hii iko dume.

Mzee mmoja mwenye kasiksi yake akauliza kama la kike liko pia. La nne nikalikamua kwa mikono yote miwili, likaruka, likatua kwenye sombe.

— Diplômé, Mama Kavira akasema taratibu, na Mama Kavira akisema taratibu jua umekwisha. Chokoleti iko wapi?

— Inakuja, mama.

— Inatoka Beni na miguu?

Kiwanja kizima kikaanguka. Mtu alimwaga mchele. Mimi nacheka nao, mais cheko la mtu anayetafuta mlango. Halafu nikamwona Kahindo. Hakuwa anacheka. Alikuwa amefunika kikombe chake kwa kiganja, watu wasione kwamba ni kitupu. Na kule kwenye uzio wimbo ulishaanza: "Mu-o-ngo! Mu-o-ngo!"

Wakuu, kuchekwa mimi nimezoea, karibu ni kazi yangu ya pili. Lakini mtoto kaitwa muongo, amevaa nguo nyeupe, kwa sababu ya mdomo wangu. Pale utani uliniisha mwilini.

Nikainama nikamwambia, mbele ya wote:

— Kahindo, haukudanganya. Miye njo nilidanganya. Sikujua, na nilisema ninajua.

Nikageuka kwenye uzio nikarudia kwa sauti, nikijionyesha kwa kidole. Wimbo ukapungua, lakini kikombe kilibaki kitupu.

Saidi alikuwa amealikwa, amekaa mbele ya kuku aliyemchinja kwa mkono wake. Akainuka. Akaja mezani, akachukua mbegu moja nyeupe, akaitia mdomoni, akainyonya, akatema kitu cha zambarau kwenye kiganja.

— Kahindo, nyonya. Hapana kutafuna.

Mtoto akaninyima macho, akanyonya. Tukangoja. Nywele zangu nne zikawa nyeupe hapohapo.

— Iko tamu, akasema. Akachukua nyingine. Iko kama maracuja na asali.

Basi! Tisa wote wakavamia. Utelezi ukashuka kwenye videvu, ukaingia kwenye kola, ukafika kwenye nguo nyeupe za kukodi, na mama zao wakapiga kelele ambazo Beni walizisikia. Mbegu zikatemwa kila upande. Waliokuwa wakiimba sasa wananyoosha mikono juu ya uzio.

— Kahindo, tupatie na siye!

Kahindo akasimama mbele yao na nusu tunda mkononi, amejaa kama mkuu wa commune.

— Nani alisema niko muongo?

Mikono kadhaa ikarudi nyuma ya uzio.

— Ule atangoja wa mwisho.

Akawagawia wote, lakini kwa foleni, na foleni aliipanga yeye.

Chai ilichemshwa baadaye, bila maziwa, na mikate ikaliwa mikavu. Mama Kavira hajasahau. Mwaka huu kazi niliyopewa ni kuteka maji, na alipoitangaza alisema maji hayana kitu cha kupasua.

Nilichojifunza ni kidogo tu: mwenye shamba akikwambia onja, onja. Diploma haina ulimi. Na usimwahidi mtoto kitu ambacho wewe mwenyewe umesimuliwa tu, maana mtoto anakwenda kukitangaza kwa jina lake, si kwa jina lako.

Mbusa, kama unasoma humu, njoo chini utoe maelezo. Na nyie wengine msiniache uchi peke yangu: semeni uongo gani mliubeba mkiwa wakubwa wenye akili zenu, na nani aliwatoa. Wa Beni mnaruhusiwa kucheka, lakini kwa foleni.

Aliyenitoa mimi ni Saidi. Mchana ule, watoto wamekwisha kunawa, nilikaa karibu naye nikaanza tena kujitetea. Nikamwambia labda ni baridi ya Butembo iliyoigandisha ikawa nyeupe, labda tungepasulia kulekule chini. Akaniacha nimalize. Akamega mkate, akaniwekea kipande mkononi.

— Kakule, sikia. Haiko baridi. Mu kakao hamuna chokoleti, na haijakuwamo hata siku moja. Muna mbegu. Banazichachusha, banazikausha, zinaenda mbali, na ku usine, ku kiwanda, njo banatengeneza chokoleti, na sukari na maziwa. Kula mukate yako.