Siku Bodi Nzima Ilipokwenda Semina

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya mvua, Kigoma mjini, ambayo hunirudia kila nionapo bodi nzima ya chama imepanda gari moja kwenda semina. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, mashua zikivuka ziwa kutoka Burundi bila taarifa. Chama chetu kilitunza ghala la mablanketi pale Katonga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, nami, kijana niliyetoka chuoni, nilikuwa katibu wake na mjumbe wa bodi. Katiba ilitaka ghala lifunguliwe mbele ya wajumbe wawili wa bodi. Sheria njema. Lakini siku hiyo wajumbe wote tulikuwa mjini, tukijifunza utawala bora.

“Nani abaki Katonga kunusa dagaa, wenzake wapate vyeti?” alikuwa ametania mwenyekiti, Mzee Bilali, nasi tukacheka.

Kabla ya chai, mchuuzi wa samaki alichungulia mlangoni. Amesikia mashua imetua Katonga, watoto wamelowa. Mwezeshaji akamuuliza kama ameiona. Hakuiona.

“Basi ni uvumi,” akasema Bilali. “Tumalize mada ya uwajibikaji.”

Mama Nyamwiza, mjumbe mkongwe wa bodi, akafunga mkoba wake. “Bilali, uvumi haupimwi ukiwa umekaa kitini. Katibu, inuka.”

“Na cheti, Mama?”

“Utajifunika nacho?”

Tulidandia lori. Njia nzima niliomba yule mchuuzi awe amedanganywa. Hakudanganywa. Watu walibanana upenuni mwa ghala, na mtunza ghala wetu, Ntahondi, alisimama mlangoni na funguo mkononi.

“Shikamoo, Mama. Ningefungua, ningevunja katiba.”

Mama Nyamwiza alizichukua funguo, akafungua. Mwanamke mmoja alikuwa amekumbatia mtoto mchanga aliyekuwa kimya mno. Tulimvua nguo mbichi, tukamfunika, tukamsugua, tukangoja. Sijapata kungoja namna ile. Hatimaye mtoto akalia. Mama Nyamwiza akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Nenda mikutanoni, mwanangu, elimu siidharau. Lakini kabla hujapanda gari, uliza nani amebaki mwenye mamlaka ya kufungua, na katiba yenu inasemaje siku ya dharura. La kusikia usiliamini. Wala usilitupe kabla hujaenda kulitazama kwa macho yako.

Mungu akujalie masikio yenye shaka na miguu myepesi, na mlango uliokabidhiwa usikutwe umefungwa mbele ya mwenye baridi.