Karatasi Iliyofunga Ugoro wa Diwani

Saa moja asubuhi, Jeconia Aketch amepiga magoti nyuma ya ofisi ya baraza la wilaya mjini Thika, anapuliza moto ndani ya pipa. Kwa miaka kumi na miwili amechoma karatasi za siri hapa peke yake. Wiki hii askari amemsimamia, anazihesabu moja moja.

"Na hiyo," asema askari.

Jeconia anaitumbukiza.

Jeconia ni tarishi. Akimaliza kuchoma karatasi za siri zilizoharibika katika kupigwa taipu, hupanda baiskeli ya baraza kupeleka barua Ruiru. Analipwa shilingi tisini kwa mwezi na kupewa chumba huko Makongeni. Kazi ikienda, chumba nacho kimekwenda.

Kosa lake ni dogo, na tarishi yeyote angelifanya. "Karatasi iliyo safi upande mmoja unaichomaje?" auliza. "Ni dhambi. Nilimpelekea mama mmoja wa soko la Ruiru afungie ugoro, naye ananipa wa kunusa. Kiingereza mimi sijui. Nilifikiri ni makosa ya mashine tu."

Jina la mama huyo tunalificha. Kama wakubwa wana siri zao, na sisi wa gazeti turuhusiwe moja.

Sasa, Diwani Githinji wa Gitothua, kijiji kimoja cha chini ya mto, amekuwa akidai tangu mwaka jana, 1957, aonyeshwe mkataba wa maji ya mto Ruiru. Kila mara alijibiwa vilevile: hiyo ni siri ya biashara baina ya serikali na kampuni ya mashamba ya kahawa. Mwezi uliopita alinunua ugoro sokoni, akafungua karatasi, akapiga chafya mara mbili, kisha akaanza kusoma. Ugoro ukamwagika wote.

Karatasi ilisema kwamba kwa miaka thelathini, wakati wa kiangazi, kampuni itanywesha kahawa yake kwanza. Vijiji vya chini vitachota kitakachobaki.

Githinji aliisoma mbele ya baraza zima. Katibu, Mzungu asiyezoea kupaza sauti, siku hiyo aliipaza.

"Umeitoa wapi karatasi hiyo?"

"Bwana Katibu, mimi sikuja kusema karatasi imetoka wapi," akajibu Githinji. "Nimekuja kuuliza maji yanakwenda wapi."

Hadi leo hajajibiwa. Badala yake wakubwa walikumbuka kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata waliyoiona ni Urbanus Nzomo, karani aliyepiga taipu mkataba huo. Nzomo ameapa kwamba hajui lolote, lakini amesimamishwa kazi. Asipokiri kufikia kikao cha Ijumaa, atafukuzwa.

Nzomo ni jirani ya Jeconia. Mlango kwa mlango.

Mwanzoni Nafuna, mke wa Jeconia, hakutaka kusikia habari ya kukiri. "Nilimwambia, Baba Erastus, funga mdomo," asimulia. "Watoto wanne tutawalaza wapi?"

Halafu Ndinda, mke wa Nzomo, akaja kuomba unga. Nafuna akampimia vikombe viwili bila kumtazama usoni. Ndinda akamshukuru, akamwombea Mungu ambariki na nyumba yake. Tangu hapo Nafuna hajamwambia tena mumewe afunge mdomo. Anakunja nguo za watoto na kuzipanga ndani ya sanduku.

Jeconia ametuomba tusichapishe habari hii kabla ya Ijumaa, nasi tumekubali. Gazeti litakapomfikia msomaji, Jeconia atakuwa ameshasimama mbele ya baraza. Anaogopa, na hafichi hilo.

"Nitasema ni mimi, Nzomo hana kosa," asema huku akikoroga majivu. "Wakinifukuza, tutarudi nyumbani tukalime. Lakini nina ombi moja."

Askari ameinua kichwa kusikiliza. Kwao ni Gitothua.

"Waisome ile karatasi yote kwa sauti, kwa Kiswahili, nami nikiwa pale pale. Miaka kumi na miwili nimechoma. Nataka nijue nilikuwa nachoma nini."

Kando ya pipa imebaki karatasi moja haijachomwa. Askari anaihesabu pamoja na zilizoungua.