Mstari wa Bong-sim

Kwa vizazi na vizazi kitabu cha ukoo wetu wa Tak kiliwaandika mabinti kwa majina ya waume zao. Binti aliyeolewa na Bwana Heo aliandikwa "Heo", basi, kana kwamba aliyezaliwa ni mkwe. Wazee walipokubali hatimaye kwamba toleo jipya litaje mabinti wenyewe, kazi ya kukusanya karatasi nikatwishwa mimi, mwalimu mstaafu nisiye na subira.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa shangazi Bong-sim, ndugu wa mbali katika ukoo, muuza tofu, ile jibini ya soya, wa soko la Hapcheon. Katika kitabu cha ukoo wa marehemu mumewe alikuwa "Bi. Tak" tu, yaani mke aliyetoka kwetu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili, hakumwachia picha wala kitana.

"Jina ndilo kitu pekee alichonipa mama," aliniambia. "Liandike vizuri, Mwalimu. Na usinizeeshe! Karatasi za serikali zinasema nilizaliwa mwaka wa nyoka. Mimi ni wa mwaka wa jogoo. Karani alikuwa amelewa."

"Karani gani huyo wa kulewa miaka minne mizima?"

"Mjapani, wa enzi walipotutawala. Ukimpata muulize mwenyewe."

Kwetu kila mwaka una mnyama wake, na nyoka humtangulia jogoo kwa miaka minne. Tukacheka, maana makosa ya namna hiyo yamo katika kila nyumba. Lakini yeye yalimgharimu. Baba yake alimwoza akiwa na miaka kumi na sita. Karatasi ilisema ishirini, na upande wa bwana harusi hawakuuliza zaidi.

Nikaenda ofisi ya tarafa kuomba nakala ya daftari la zamani. Chini ya jina lake paliandikwa siku ambayo baba yake alikwenda kutoa taarifa ya kuzaliwa: mwaka ule ule wa nyoka. Nikasoma mara tatu. Karani mlevi anaweza kukosea mwaka wa kuzaliwa. Hawezi kupokea taarifa ya mtoto miaka minne kabla hajazaliwa.

Ningenyamaza ingekuwa heri, lakini mdomo wangu haujui kukaa. Nilimwambia, naye akataka twende siku hiyo hiyo kwa mama yake mdogo, ajuza wa miaka tisini na minne. Tulimkuta anamenya kiazi kitamu cha kuchoma.

"Ehee, leo umenikumbuka! Umeniletea tofu au umeniletea mwalimu?"

"Vyote viwili, mama mdogo. Niambie kweli. Kabla yangu alikuwepo mwingine?"

Ajuza akakiweka kiazi chini.

"Alikuwepo. Bong-sim. Surua ilimchukua mwaka wa tumbili, ana miaka mitatu. Baba yako hakwenda kuripoti kifo. Ulipozaliwa wewe mwaka uliofuata, akasema, huyu naye wa kike, karatasi ya mwenzake bado ipo, ya nini kutembea nusu siku mpaka tarafani?"

Shangazi akamsogelea. "Na mama? Mama aliniita nani?"

"Alikuita 'kichanga' tu, mwanangu. Jina la yule alishindwa kulitamka, akilianza analia. Alisema atakutafutia lako. Mara akaugua. Ndiyo hivyo."

Sijawahi kumchukia marehemu kama nilivyomchukia baba yake siku ile, ingawa najua wengi walifanya vivyo hivyo na hawakuona kosa.

Sheria ya ukoo ni moja: asiye na karatasi ya serikali haingii kitabuni. Na kwa karatasi za serikali, baba yake alikuwa na binti mmoja tu. Mstari ulikuwa mmoja.

"Shangazi," nilimwambia tuliporudi, "nitaandika Bong-sim, na mumeo, na wanao. Nani atajua?"

"Mama atajua."

"Umelibeba jina hilo miaka sabini na moja! Ni lako."

"Nimeliazima. Aliyepewa ni yeye. Andika Bong-sim, alizaliwa mwaka wa nyoka, akafariki mwaka wa tumbili."

"Na wewe je?"

"Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Yule hata kaburi hana."

Wazee walinung'unika. Mtoto wa miaka mitatu kitabuni, tangu lini? Niliwafokea kama wanafunzi wa darasa la pili mpaka wakapiga mhuri. Nilikuwa nimemsihi shangazi aende mahakamani, achague jina lake, sheria sasa inaruhusu. Alinijibu kwamba jina hutolewa na mama, na wake alikwenda nalo.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea sokoni. Akafuta mikono kwenye aproni, akaniomba nimsomee, kwa kuwa herufi zile za kale hazijui. Nikasoma jina la baba yake, la mama yake, kisha Bong-sim, binti, miaka mitatu.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akauliza mstari wenyewe ni upi, akaweka kidole juu yake, akamwita dada kwa mara ya kwanza maishani mwake. Chini ya mstari ule palikuwa na nafasi nyeupe, upana wa kidole. Mimi sikumwonyesha. Kidole chake kikateremka chenyewe mpaka pale, kikatulia.

"Hapa ndipo ningekaa," alisema.

Nikalia, mimi mzee mzima, mbele ya wateja wake wote.