Alichosema Mzee Verlin Kuhusu Kondoo

Tessa Hruska alikuwa binti wa fundi matrekta, kutoka mji mdogo wa Nebraska ambako karibu kila kaburi lina jina la Kicheki. Alikuja wodi yetu ya moyo akiwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu. Mimi nilikuwa muuguzi pale, na miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imenifundisha kuwatambua wanafunzi kwa viatu vyao. Vya Tessa vilikuwa vimeliwa kisigino upande mmoja. Alitembea sana, tena kwa haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Na kweli alikuwa anafukuzwa. Alitaka kuwa mpasuaji wa mifupa. Baba yake alikuwa akimwambia mguu wa mtu na ekseli ya trekta ni ndugu, na yeye aliliamini hilo tangu ana miaka tisa. Lakini mtihani wa taifa aliufaulu kwa taabu, na mshauri wake chuoni hakumung'unya maneno. Tessa alinisimulia tukila chakula cha mchana.

"Aliniuliza, una makala ngapi majaridani? Nikamwambia sina. Akavua miwani, dada. Akaniambia wenzangu wana kumi, wana kumi na mbili. Eti nisipochapisha kitu kabla ya Septemba, hospitali za mafunzo ya upasuaji hazitafungua hata faili langu."

"Sasa unachapisha nini, na wewe bado mwanafunzi?"

"Kisa cha mgonjwa. Ugonjwa adimu. Unaeleza alikujaje, mlimpima nini, mlikosea wapi, mkajifunza nini. Kurasa mbili tatu. Ila lazima umpate huyo mgonjwa kabla mwenzako hajamwahi."

Ndivyo wanavyoishi. Niliwaona wanafunzi wakipita vitandani kama watu wanaookota uyoga, kila mmoja akimficha mwenzake alipouona. Sikuwalaumu. Mwezi ule wa Mei kulikuwa na kijana kitanda cha saba ambaye moyo wake ulikuwa na uvimbe ambao hata madaktari wakubwa walikuwa hawajawahi kuuona. Tessa alishinda naye, akamsomea, akaanza kuandika. Usingizi ulimpotea kwa furaha.

Mwezi huohuo tulimpokea Mzee Verlin Ostergaard.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mkulima, mrefu, ameliwa na homa. Miaka sita nyuma alikuwa amewekewa valvu mpya moyoni. Mkewe, Mama LaVonne, aliketi pembeni na mkoba magotini, kama yuko kanisani. Tessa alitumwa kuchukua historia yake. Alivuta kiti, akafungua kompyuta.

"Homa imeanza lini, mzee?"

"Tangu majira ya kondoo kuzaa, binti. Jasho usiku, chakula hakipiti. Nimekonda mpaka suruali inaniaga."

"Verlin!" mkewe akamkemea.

"Si kweli? Juzi ilianguka mbele ya mchungaji." Akacheka, akakohoa. "Mwaka huu kondoo walinitesa. Kuna mmoja mwanawe alikwama, nikaingiza mkono mpaka hapa kwenye kiwiko. Katoto kakatoka hakapumui. Nikakapulizia mdomoni. Kakaamka, kakanikojolea!"

Tessa alitabasamu. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Mwanafunzi mwenzake alikuwa amemwandikia kwamba kijana wa kitanda cha saba keshachukuliwa, daktari fulani aliyeko mwaka wa pili wa mafunzo ameshaanza makala yake. Niliuona uso wake ukibadilika rangi. Alimuuliza mzee maswali mawili matatu zaidi, akaondoka. Kwenye rekodi, mahali pa kuulizia mifugo, palibaki maneno yaliyonakiliwa kutoka hospitali aliyotoka mzee: hana historia ya kukaa na wanyama.

Na mimi nilikuwepo, nikibadilisha dripu. Nilisikia yote. Nilicheka nikapita.

Wiki tatu walimpima. Damu yake waliiotesha maabara mara nne na hakuna kijidudu kilichoota. Walimpa dawa hii, wakabadilisha, wakampa ile. Mzee akazidi kuisha. Mwishowe aliitwa Dakta Baliga, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, mzee wa Kihindi anayekaribia kustaafu, anayetembea polepole na kuketi kitandani kwa mgonjwa kama yuko kwao. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Bwana Ostergaard, nyumbani unafuga nini?"

"Kondoo arobaini, Dakta."

"Umezalisha mwaka huu?"

"Nilishasimulia hapa," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Kakanikojolea."

Ilikuwa homa ya Q, ugonjwa wa mifugo unaotoka kwenye zalio la kondoo, yaani kondo la nyuma, na kumwingia mtu kwa pumzi. Kwa mtu mwenye valvu ya kupandikizwa, huing'ang'ania ile valvu na kuila. Dawa yake ipo. Wakaianza siku hiyo. Lakini valvu ilikuwa imeshachanika; wakampasua upesiupesi, na Mzee Verlin hakutoka chumba cha upasuaji. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Juni.

Siku mbili baadaye Dakta Pruett, mkuu wa wodi, alimwita Tessa koridoni mbele yetu sote.

"Kisa cha yule mzee wa kondoo ni chako. Kiandike. Nitakusimamia na kutia sahihi. Jarida zuri litakichukua."

Tessa alifurahi. Nasema kama ilivyokuwa: alifurahi, kisha akaniona ninamtazama, akaingia chooni, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Aliandika mwezi mzima. Aliandika vizuri, hata mimi nilisoma nikaelewa. Kwenye kurasa zile Mzee Verlin hakuwa na jina, alikuwa mwanamume wa miaka sabini na mmoja. Na palipohusu kondoo paliandikwa: historia ya kukaa na wanyama haikupatikana mwanzoni. Sentensi safi, isiyo na mwenyewe.

Ilibaki ridhaa ya familia. Jarida halichapishi bila sahihi. Tessa akaniomba nimsindikize, kwa kuwa Mama LaVonne alinizoea. Tuliendesha saa mbili katikati ya mahindi yaliyotuzidi urefu. Mama alitupokea jikoni, akatumiminia kahawa, akaweka biskuti za tangawizi. Akavaa miwani na kuzisoma kurasa zote, kidole kikifuata mstari. Kikasimama.

"Haikupatikana," akasoma. "Maana yake nini, mwanangu?"

"Maana yake... mwanzoni hatukuijua, Mama."

"Aliwaambia."

Tessa akakishika kikombe chake.

"Alikuambia wewe. Siku ya kwanza. Nilikuwa nimekaa hivi, wewe umekaa hivi, na huyu dada amesimama na mifuko yake ya maji. Alikuambia mpaka habari ya mkojo, nikaona aibu."

"Ndiyo, Mama," Tessa akasema. Ilitoka kama mtu anayetapika. "Aliniambia. Sikuandika. Nilikuwa nasoma simu."

Nilitaka kuingilia, kusema hata mimi nilisikia. Nikasema, kwa kuchelewa. Mama LaVonne hakunitazama. Alitazama dirishani, kwenye zizi.

"Miaka arobaini na tisa huyu mtu alinichosha kwa hadithi za kondoo," akasema. "Siku moja tu hadithi yake ilikuwa na kazi." Akaisogeza kalamu. "Andika kwamba alisema. Ukiandika hivyo nitatia sahihi. Vinginevyo chukua karatasi zako, na biskuti chukua."

Njiani kurudi Tessa alisimamisha gari pembeni mwa shamba la mtu, akalia na mikono ipo kwenye usukani. Mimi nilishika mgongo wake.

Usiku ule ule aliibadilisha ile sentensi. Akaandika: mgonjwa alieleza siku ya kwanza kwamba amezalisha kondoo; mwandishi wa kwanza hakuiweka taarifa hiyo kwenye rekodi; tiba ilichelewa siku ishirini na mbili. Mama LaVonne akatia sahihi kurasa mpya na kuzirudisha kwa posta. Dakta Pruett aliisoma makala akiwa amesimama.

"Umerogwa? Hii ni barua ya kumpelekea wakili."

"Ni ukweli, Dakta."

"Sikusema ni uongo. Wewe ni mwanafunzi, aliyepaswa kukagua rekodi yako ni mimi. Umeliandika kosa lako, na langu umelifunga ndani yake." Akashusha sauti, na nadhani kwa namna yake alimhurumia. "Tessa, sikiliza. Rudisha ile ya kwanza. Septemba inakaribia. Hakuna atakayedhurika. Mzee ameshakufa."

"Mkewe hajafa."

"Basi mimi jina langu halimo."

Bila daktari wa kusimamia, jarida halipokei kazi ya mwanafunzi. Akaomba kwa madaktari wawili wengine. Mmoja hakumjibu, mwingine alimjibu kwa upole ambao ulikuwa mbaya zaidi. Dakta Baliga alikuwa India kumuuguza dada yake. Septemba ikapita. Tessa akapeleka maombi ya mafunzo hospitali themanini na moja, mahali pa makala pakiwa peupe. Mbili zilimwita kwa mahojiano. Moja ilimuuliza kwa nini hajachapisha kitu. Alieleza. Alisema yule daktari aliyemuuliza alikoroga kahawa yake muda mrefu.

Kwetu wanafunzi hupangiwa hospitali na kompyuta, mwezi Machi, wote nchi nzima siku moja. Jumatatu unaambiwa kama umepata au hukupata, kabla hujajua ni wapi. Saa nne asubuhi ujumbe ukaja: tunasikitika, hukupata nafasi yoyote. Baba yake alikuwa ameshanunua keki. Alinipigia simu mimi, mtu ambaye hatujawahi kuonana, akaniuliza, "Dada, huyu mtoto amefanya kosa gani hasa? Hataki kuniambia. Ameingia karakana, amejilaza chini ya trekta, na hakuna anachotengeneza."

Nikamwambia mwanao alisahau kuandika kitu, halafu akakataa kusahau tena. "Sijaelewa," akasema, "lakini asante."

Alihitimu. Aliitwa daktari na hakuwa na mahali pa kuutumia udaktari, kwa kuwa kwetu bila yale mafunzo ya hospitali huruhusiwi kutibu. Alipata kazi kituo cha kutoa damu, kuwachoma sindano watu wanaouza plazma, yaani maji ya damu yao, kazi ambayo hata cheti cha miezi michache kinatosha. Mwaka wa pili akaomba tena. Mifupa ameiacha, sasa anaomba tiba ya familia, mahali popote, hata kule baridi inakopasua mabomba. Hakupata. Ukikaa nje mwaka mmoja wanakushuku, ukikaa miwili wanakusahau. Alikonda. Kuna kipindi nilikuwa nampigia kila asubuhi na kila jioni, na sikumwambia kwa nini, naye hakuniuliza. Jioni moja hakupokea, nikaendesha mpaka kwake nimevaa ndala theluji ikianguka. Nilimkuta amekaa sakafuni jikoni, mzima, simu imezima chaji.

"Ulidhani nini?" akaniuliza.

"Nilidhani ulichodhani."

"Leo hapana," akasema. Nikakaa naye sakafuni. Wiki ile nikampeleka kwa daktari wa akili, akaanza dawa, na bado anazitumia.

Dakta Baliga alirudi kutoka India ilipomalizika shughuli ya msiba wa dada yake. Nikampelekea kurasa zile mwenyewe, bila kumwomba Tessa ruhusa. Alizisoma palepale mlangoni kwake, akaniuliza kalamu iko wapi. Makala ilitoka miezi saba baadaye, katika jarida dogo la madaktari wa vijijini, kurasa mbili, Tessa Hruska jina la kwanza. Dakta Baliga alitaka sentensi moja tu iongezwe: kwamba muuguzi na daktari msimamizi nao hawakuihakikisha historia. Hakututaja. Ninapoisoma najiona nimesimama na dripu yangu.

Nilimtumia Mama LaVonne nakala, naye akanipigia. Maneno mengi yalimshinda, alisema, lakini ile sentensi ameikata na kuibandika kwenye jokofu. "Na yule msichana? Amepata kazi ya udaktari?"

"Bado, Mama."

"Hata baada ya hii?"

"Bado."

Akapumua. "Mwambie sijamsamehe kabisa," akasema. "Lakini mwambie nimeuliza."

Machi ya mwaka wa tatu, Jumatatu, nilichukua ruhusa kazini nikaenda kwake. Tulikaa mezani, simu katikati. Nilikuwa nimepika mayai, hakuna aliyeyagusa. Saa nne kamili simu ikatetema. Tessa akaisoma, akanigeuzia niisome na mimi. Maneno yalikuwa yaleyale, hata nukta hawakubadilisha.

"Haya," akasema.

Akaosha uso, akafunga viatu, akachukua koti. Zamu yake kituoni ilikuwa inaanza saa sita, na siku za Jumatatu foleni huwa ndefu.