Papa Octave na Ukoo wa Mwanga

Papa Octave, fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle mjini Johannesburg, alikuwa na maneno mengi, na mengi ya hayo yalikuwa ya Kilatini. Kwao Likasi, nchini Kongo, aliwahi kuifundisha lugha hiyo kwa wavulana waliosinzia. Johannesburg aliwafundisha wateja aliowazungushia futi kiunoni, wasiweze kukimbia.

Somo alilolipenda lilikuwa moja. "Deus ni Mungu, dies ni siku, na hao beko ndugu," alisema, pini mdomoni. "Muzazi wao ni mwanga wa mbinguni. Kwa deus Wafaransa wakapata Dieu, na dies iko mule ndani ya lundi na mardi, Jumatatu na Jumanne yao. Hata Waingereza, day yao ni ya ukoo ule ule!"

Kanisani kwao, mtoto alipoletwa mara ya kwanza, mkubwa wa familia alimbeba hadi mlangoni, akamwinua kwenye jua la asubuhi. Hapo Octave alitoa somo lile. Watu walikuwa wameshalikariri, lakini nani angemnyima?

Mwaka 2006 Victorine alijifungua msichana, Chloé. Victorine alikuwa amefika mjini miaka kadhaa nyuma, hana mtu. Octave hakuwajua wazazi wake. Aliposikia tu anatoka Likasi akamwita mwanangu, akampa cherehani ya pili na sahani mezani. Ndivyo walivyo watu wa pale: mji mmoja, basi undugu tayari. Sasa fundi alitamani jambo moja tu, kumbeba Chloé mlangoni.

Ndipo akashuka kwenye basi la kutoka kwao Ezéchiel, baba mdogo wa Victorine, wa damu kabisa, pua ileile. Mkubwa wa familia sasa alikuwa yeye, na Octave akamshonea koti la Jumapili ya kumleta mtoto. Alilishona vizuri mno, maskini, huku moyo ukimuuma.

Ili angalau somo linoge, alikwenda maktaba Randburg kutafuta la kuongezea. Kamusi kubwa ikamkata maini: day na dies zinafanana sura tu, hazina asili moja.

Akarudi amenywea. "Nimedanganya watu miaka yote," alimwambia Victorine. "Day haiko ndugu yao. Niliona inafanana, nikaiita ya ukoo. Ni kama miye na weye."

Victorine akasimamisha cherehani. "Eish, Papa! Nani njo alinipokea hapa? Kamusi?" Alikasirika kwelikweli, akamnunia mpaka Jumapili.

Siku hiyo mchungaji aliuliza, "Nani analeta mtoto huyu?" Ezéchiel akasimama na koti lake jipya. Victorine hakumpa mtoto. Alibaki amemkumbatia, akimtazama fundi aliyejibanza benchi la nyuma. Ezéchiel akayafuata macho yale, akaelewa, maana alikuwa muungwana. Alipita katikati ya mabenchi, akamshika Octave mkono.

"Enda, mukubwa yangu," alisema. "Miye nimemujua mutoto juzi tu."

Mlangoni Octave alimwinua Chloé kwenye jua, na kanisa zima likangoja deus na dies. Kilatini chote kilikuwa kimemtoka. Machozi yakamshuka hadi kwenye shati.

"Huyu ni mujukuu wangu," alisema. Akasema tena, kwa sauti zaidi, na hakuna aliyempinga.