Mwaka Niliojipunguza

Mume wangu alikuwa kalani wa ofisi pale Uvira, na bosi wake mzungu alikuwa akimpa majurnali ya picha yaliyokwisha kusomwa. Jioni moja, nikimnyonyesha mtoto wetu wa kwanza, alinionyesha ukurasa wenye mwanamke aliyejizungushia utepe wa kupimia wa fundi kiunoni, anacheka.

"Ona huyu. Iko na batoto batatu."

Mimi Kifaransa sikukijua. Alinisomea polepole: asubuhi kahawa bila sukari na nusu pamplemusi, lile chungwa kubwa lenye uchungu, mchana kipande cha nyama isiyo na mafuta, na tango, jioni supu nyepesi. Mafuta, hapana. Bugali, hapana. Mwishoni waliandika kwamba daktari amekubali. Daktari gani, hawakusema.

"Jaribu tu, Mama. Bazungu banatualika siku moja, utaingia namna gani?"

Nilijaribu. Nyama mara nyingi ilikosekana, nikabaki na tango. Sombe, majani yetu ya muhogo, niliiacha, maana sombe bila mawese nani anaiweza? Nilimpikia yeye bugali na samaki wa mukeke, nikaketi mbele yake na bakuli langu la maji ya vitunguu. Alikula huku akinitazama kiuno.

Nguo zilianza kunipwaya. Alifurahi, akaninunulia mkanda. Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Kisha nikaanza kuona kizunguzungu bombani, na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mtoto alinyonya, akaachia ziwa, akanitazama. Hakulia. Huko kutolia ndiko kulikonitia hofu.

Kwetu jua huzama mapema nyuma ya milima, na maji ya ziwa hubaki na mwanga kidogo. Siku hizo mwanga ule sikuuona tena. Jua likigusa mlima tu, kwangu ilikuwa giza. Jioni moja nilijikwaa kwenye jiko la mbabula, makaa yakamwagika karibu na mkeka wa mtoto.

"Mbona haujawasha taa?" nilimuuliza mume wangu.

"Taa iko inawaka, Mama."

Nilisikia akivuta kiti, kisha akifunua kurasa za jurnali. Alikuwa akitafuta kama jambo hilo limeandikwa mle.

Mama yangu aliteremka kutoka Lemera akileta maharage. Alisimama mlangoni, mzigo ungali kichwani.

"Weye uko mugonjwa?"

"Hapana, Mama. Niko najipunguza."

"Unajipunguza? Nani alisema uko mingi?"

Alimchukua mtoto, akampima kwa mikono, akamfunga mgongoni pake. Kesho yake tulipanda milima, mimi nikishika kitenge chake kwa nyuma kila jioni ilipokaribia.

Kule Lemera nilikula kila kitu: maharage, sombe nyekundu kwa mawese, maini ya ng'ombe. Mtoto alipewa maziwa yaliyoletwa na wachungaji wa ng'ombe kutoka Rurambo. Mvua zilipoanza kunyesha macho yangu yalikuwa yamerudi. Maziwa yangu hayakurudi.

Mume wangu alipokuja kutuchukua, mama alisema naye akiwa amegeuza uso, kama ilivyo heshima kwa mkwe.

"Minye nilikupa muntu muzima."

"Ndiyo, Mama. Unisamehe."

Alikuwa amekonda kwa wasiwasi, nikamhurumia. Njiani nilimuuliza jurnali iko wapi.

"Niliazimisha."

"Kwa nani?"

"Benzangu ba ofisi. Babibi yabo balikuwa banaiomba."

Tuliteremka hadi Uvira. Jumapili ya kwanza, baada ya baraka ya jioni, nilisimama nje ya kanisa nikiwatazama wake za makalani wakitoka. Nilitazama shingo zao, nani amekonda. Mmoja, aliyevaa gauni jipya lenye mkanda mwembamba, alisimama kwenye ngazi akipapasa kwa mguu, na mbingu juu ya ziwa ilikuwa bado nyeupe.

Nilimwendea, nikamshika mkono. Nilimuuliza amekula nini leo.