Filigisi Iliyorudi Sahanini

Mdogo wangu Lugembe alimkosesha mwanawe mke kwa kurudisha filigisi. Ndivyo walivyosema watu hapa Itetemia, na mwenyewe hakubisha. Mimi Bertila, dada yake, nina mdomo, nakubali, nami nilisema kuliko wote.

Kansa ya ulimi ndiyo iliyomfikisha hapo. Kule Mwanza walimkata upande mmoja wa ulimi, kisha mionzi ikamkausha mate. Amepona, lakini mdomo haukurudi ulivyokuwa. Ugali humganda mpaka ausindikize kwa maji. Pilipili hata chembe humchoma. Mchuzi humtoka pembeni bila yeye kuhisi, maana upande ule una ganzi. Akiongea, utadhani ana kiazi cha moto mdomoni. Nyumbani tumeshamzoea. Mimi humtania kwamba sasa nami angalau napata zamu ya kuongea, naye hucheka.

Tulipokwenda Urambo kumposea Shigela, mwanawe, wakwe walituchinjia kuku. Filigisi akawekewa Lugembe, maana hiyo ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote pale mezani. Akairudisha sahanini. Ugali pia hakuugusa. Alikaa kichwa chini, leso mdomoni, sisi tunakula. Masolwa, baba wa binti, aliacha kutafuna. Wiki haikuisha, mshenga akatuletea jibu: anayekataa chakula chetu amemkataa binti yetu, basi yaishe.

Nilimjia juu Lugembe. "Hivi una akili kweli? Hata mchuzi usingeonja?"

"Kosa ni langu, dada," akasema.

Shigela alikuwepo. Aliweka kikombe chini, akatoka nje.

Kuanzia hapo Lugembe akawa anakonda tu. Anakaa uani peke yake, chakula kinafunikwa mpaka kinapoa. Nilimwonea huruma, na hasira pia. Kila nikimuuliza, jibu ni lile lile: kosa ni langu. Mwishowe nikasema liwalo na liwe, twendeni sote tukaombe radhi.

Masolwa alitupokea shingo upande. Nikataka kuanza, Lugembe akanishika mkono. Akaongea mwenyewe, polepole, akimeza maji kila baada ya maneno machache, akawaeleza ugonjwa wake.

"Sikuwakataa," alisema. "Niliona aibu kula mbele yenu. Msimwadhibu kijana kwa kosa langu."

Masolwa akashangaa. "Pole sana, mzee mwenzangu. Lakini mbona siku ile kijana alituambia pembeni kwamba ni jino, tukaona ni kisingizio tu?"

Sote tukamgeukia Shigela. Akaanza kulia.

"Baba hana kosa," alisema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Tukiwa njiani nilimwambia, baba, leo usile mbele za watu, utaniaibisha."

Nilitamani kumzaba kibao. Siku zote hizo alimwacha mzee abebe lawama, na mimi nikizidi kumwongezea. Nilimtazama Lugembe. Roho iliniuma.

Masolwa akasema yeye hana neno tena, aamue binti mwenyewe. Nyamizi, binti huyo, alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

"Siku mimi nikiugua," alimuuliza Shigela, "utanikataza kula mbele za watu?"

Shigela alipiga magoti mbele ya baba yake, akashindwa hata kuomba msamaha vizuri. Lugembe akamwekea mkono begani, akasema kitu.

"Sijasikia, baba. Rudia."

"Mjibu mwenzio," Lugembe akarudia.

Shigela akamjibu Nyamizi kwamba hapana, hatamkataza, sauti ikikatikakatika. Nyamizi akamwangalia weee, kisha akasema, "Nitaolewa na wewe. Ila leo utakula na baba."

Akatunawisha, akaleta chakula, akamwonyesha Shigela pa kukaa: mbele ya Lugembe, uso kwa uso. Lugembe akala. Tonge dogo, maji, tonge, maji. Mchuzi ukamtoka, akafuta, akaendelea. Alichelewa sana kumaliza, na wakwe wakamsubiri bila kunyanyuka. Shigela naye alitazama mpaka mwisho, tonge lake limempoa mkononi. Tangu baba yake arudi kutoka Mwanza, hakuwahi kukaa akamtazama akila.